Bahasha ya Misa Hainunui Mbingu

Novemba ikiingia, mwezi wetu wa kuwaombea marehemu, swali huwa lile lile: "Hivi nyie Wakatoliki mnalipa hela ili watu wenu watolewe motoni?" Utaulizwa kazini, kwenye daladala, hata msibani mtu akiwa na sahani ya pilau mkononi. Linaudhi, lakini sishangai likiulizwa. Mtu apite parokiani aone foleni ya watu na bahasha za nia za Misa (yaani ombi la kumwadhimishia mtu Misa), jina la marehemu limeandikwa juu na noti imo ndani, unataka aelewe nini?

Kanisa halifundishi kwamba aliye jehanamu anaweza kutolewa, hata zikisomwa Misa elfu. Toharani, yaani kutakaswa baada ya kifo, si nafasi ya pili. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1030, inawataja wanaokufa katika neema na urafiki wa Mungu: wokovu wao ni wa hakika, ila bado wanahitaji kutakaswa. Kwa hiyo ukinifungulia Waebrania 9:27, kwamba mtu hufa mara moja na baada ya hapo ni hukumu, nitaitikia amina pamoja nawe.

Sasa watakaswe nini kama wameshasamehewa? Hapa ndipo rafiki zangu walokole hukwama, na kwangu ndipo penye utamu wenyewe. Mtu aliyewasengenya majirani maisha yake yote anaweza kuungama Jumamosi akafa Jumapili. Dhambi zimeondolewa, hakuna ubishi. Lakini ile raha anayoipata akisikia ndoa ya fulani imevunjika, nayo imeondoka? Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka 2007, alitaja maoni ya baadhi ya wanateolojia kwamba moto unaounguza na kuokoa ni Kristo mwenyewe. Mtu akikutana naye, uongo wote ndani yake unayeyuka. Hilo limenisaidia kuliko michoro yote ya watu wanaolia ndani ya ndimi za moto.

"Toharani haimo kwenye Biblia." Inategemea umeshika ipi. Katika 2 Wamakabayo 12, Yuda Makabayo anakwenda kuwazika askari wake waliouawa vitani, anakuta chini ya nguo zao hirizi za miungu ya Yamnia. Hakuwaacha hivyo hivyo. Alichangisha drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu ili sadaka ya dhambi itolewe kwa ajili yao. Najua kitabu hicho hakimo katika orodha ya Waprotestanti. Basi kisome kama historia tu: bado kinaonyesha kwamba wapo Wayahudi waliowaombea wafu wao kabla Kristo hajazaliwa. Kisha njoo kwa Monika, mama yake Mtakatifu Augustino. Alipokuwa anakaribia kufa pale Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wamzike popote, wasijisumbue na mwili. Alichoomba ni wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Anayesema mapadri wa zama za kati walibuni jambo hili ili wapate fedha, aanze na mama huyo. (Majirani zangu Waislamu, wanaokwenda hitima, hawajawahi kuniuliza swali la bahasha.)

Lakini hela zipo, na historia yake si nzuri. Martin Luther alikuwa na sababu ya kukasirika mwaka 1517, kwa jinsi mhubiri Johann Tetzel alivyokuwa akizitangaza rehema, yaani ondoleo la adhabu ya dhambi linalotolewa na Kanisa. Hata Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulikuja kuifuta kazi ile ya wakusanya sadaka waliozunguka na rehema. Leo kanuni ya 947 ya Sheria ya Kanisa inataka hata kile kinachofanana tu na biashara kiondolewe kabisa kwenye sadaka za Misa. Maaskofu hupanga kiwango ili padri asidai zaidi ya hapo. Na padri akiadhimisha Misa kadhaa kwa siku moja, anabaki na sadaka ya Misa moja tu, isipokuwa Noeli. Nyingine zinakwenda kwenye shughuli zilizopangwa na askofu.

Haya ni nadra kuyasikia mimbarini. Nimewahi kukaa kanisani nikasikia tangazo lenye kiwango cha fedha na siku ya mwisho ya kurudisha bahasha, bila neno hata moja kwa asiye nacho. Halafu tunawalaumu walokole kwamba hawatuelewi! Katika jumuiya yetu yupo bibi ambaye Novemba hupita bila jina la mumewe kusomwa, kwa sababu anaona aibu kurudisha bahasha tupu. Kanuni ya 945 inawahimiza mapadri waadhimishe Misa kwa nia za waamini, hasa wahitaji, hata kama hawakupokea chochote. Bibi yule anachotakiwa ni kwenda sakristia na kumtajia padri jina la mzee wake.