Mabula kawapa nusu, acheni nimalizie

Najua status ya Mabula mmeshaiona, ile ya kwamba usiku nimekimbia uchi, na nyie mlionitumia emoji za kucheka nimewasoma wote. Kwanza kabisa sikukimbia uchi. Nilikuwa na taulo.

Iko hivi. Mama mkwe kaja toka Magu kututembelea, umeme huku Mabatini, Mwanza, nao ukakata, friji kimya. Nikajifanya mtaalamu. Kuna ule ujanja wa mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyepewa tuzo ya Rolex mwaka 2000, chungu kidogo unakitia ndani ya kikubwa, katikati unajaza mchanga, unaumwagia maji, juu unafunika kitambaa kibichi. Maji yakikauka yanaondoka na joto, ndani kunapoa. Mabula akanambia masika haya hewa ya ziwani ina unyevu, maji hayakauki kivile, halafu samaki anataka barafu bwana, hivyo vyungu ni vya nyanya na bilinganya. Nikamwona mshamba. Nikaweka kamongo.

(Nyie wa Dar, kamongo ni samaki wa huku ziwani, mrefu, ana mapafu kabisa, maji yakikauka anajichimbia kwenye tope anakaa miezi hajala na yupo tu. Sasa giza, unyevu, kaubaridi kwa mbali, kumbe nimemfungulia gesti.) Na pale soko la samaki la Mwaloni alipigwa rungu la kichwa naangalia kwa macho yangu, akatulia, nikajua ndo basi.

Usiku. Giza. Mama Neema katoka kidogo kwa jirani, mimi natoka kuoga, taulo kiunoni, nafika mlango wa jikoni nasikia mama mkwe anapapasa. Kakuta chungu, kina kitambaa kibichi juu, mtu kakulia kwenye mitungi, atawaza nini zaidi ya maji ya kunywa? Nasikia kikombe kinagonga ukingo. Nataka niseme mama hayo sio maji, ila nina taulo, unaanzaje kuongea na mama mkwe una taulo? Nikanyamaza. Kikombe kikazama. Kikagusa kitu. Kimya. Kikagusa tena. Halafu mama, taratibu, kwa heshima zote:

"Baba Neema, humu mbona kuna mtu anahema?"

Paa! Chungu kikala ukuta, mchanga huo, na kitu kirefu chenye ute kikapita juu ya mguu wangu, wala hakina haraka.

Wajameni. Ile sauti iliyotoka sio ya kiume. Nikajikuta uani, na mkono huu huu wa kulia ushapiga komeo kwa nje. Mama mkwe ndani. Kamongo ndani. Mimi nje nimeshikilia mlango kwa nguvu zote nasema, "Mama usiogope, tupo pamoja!"

Hapo ndo tochi ya Mabula ikanimulika.

Aliyefungua ni mama Neema. Tukamkuta mama kakaa kwenye kigoda, mchi mkononi, kamongo katulia, safari hii kweli. Asubuhi kapikwa na nyanya, mtamu balaa, mama akapanda gari akarudi kwake, mke wangu ananiongelesha kwa kupitia mtoto. Chungu kikubwa kimepasuka, kidogo ni kizima, anayekitaka aje na elfu tatu, ila asiniulize kitu.