Msisahau miaka ya Shirley Chisholm huko Albany

Asante mwandishi kwa makala kuhusu Shirley Chisholm, yule mwanasiasa mweusi wa Marekani, ila umeruka haraka mno hadi mwaka 1972 alipowania urais wa Marekani. Kwangu mimi, uzito wa maisha yake uko kabla ya hapo.

Huyu mama alikuwa mwalimu wa chekechea. Alisomea malezi ya watoto wadogo Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akasimamia kituo cha kulelea watoto jijini New York kwa miaka kadhaa. Alipoingia bunge la jimbo la New York, lililoko Albany, mwaka 1965, aliingia akijua nani huwaacha watoto pale asubuhi: akina mama wanaokwenda kufua na kupika kwenye nyumba za watu. Ndiyo maana alipigania wafanyakazi wa ndani walipwe mafao wanapokosa kazi. Alipigania pia mwalimu anayekwenda kujifungua asipoteze haki alizokwisha kujipatia kazini. Sheria kama hiyo, jamani, anaitunga mtu aliyewahi kukaa staff room!

Na kuna SEEK, mpango wa kuwaingiza chuoni vijana wa familia maskini ambao shule zao hazikuwaandaa vya kutosha. Aliusukuma akiwa mbunge wa jimbo, na mpaka leo upo katika vyuo vya umma vya jiji la New York.

Alipostaafu siasa mwaka 1983 alirudi kufundisha, katika chuo cha wanawake cha Mount Holyoke. Hilo nalo lilistahili aya yake.