Flana ya 5:40

Kabla hamjaendelea kunitumia ile video ya mimi kupitwa mbioni, naomba nirekebishe mambo mawili. La kwanza, aliyenipita si bibi kizee. Ni mama wa makamo, mwenye nguvu zake. La pili, hakuwa amebeba beseni la maparachichi kama mshkaji wangu alivyoandika kwenye statasi. Ulikuwa mkungu wa ndizi. Mzima. Najua marekebisho haya hayanisaidii, ila nimechoka kuona habari zangu zinasimuliwa na mtu ambaye bado namdai elfu ishirini.

Naandika nikiwa kitandani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Ngazi nashuka kinyumenyume huku nimeshika ukuta, kucha mbili za mguu wa kulia zimekuwa nyeusi, na mke wangu akitaka niende mezani ananiita hivi: "Njoo ule, ni mita nane tu, bingwa."

Haya, tuanze na Kocha. Wanaomfahamu wameshacheka tayari. Kocha wetu ni mtu mwema, ana filimbi, ana roho ya kusaidia, lakini muda wa mtu ukipita mdomoni mwake lazima upungue. Ukimwambia umekimbia nusu marathoni kwa saa mbili na robo, jioni anamsimulia mwingine "moja na hamsini", ikifika Jumapili umeshakuwa "moja na ishirini, tena alikuwa anaumwa". Yeye mwenyewe anadai enzi zake alikuwa akifanya mazoezi bega kwa bega na Juma Ikangaa. Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa 2:08:01. Mwaka huo Kocha alikuwa darasa la nne, na nasikia alilirudia. Anadai pia aliwahi kuingia kumi bora ya Comrades, zile mbio ndefu kuliko marathoni kule Afrika Kusini. Sasa Comrades inakimbiwa tangu 1921, na matokeo yake unayatafuta mtandaoni kwa jina la mtu. Jamaa mmoja wa Iringa akatafuta. Hakuna kitu. Kocha akasema alijiandikisha kwa jina la ubatizo. Hilo jina la ubatizo hakuna anayelijua mpaka leo.

Hiyo 5:40 ilizaliwa hivi. Nilishuka mbio kutoka Kawetire, ile barabara ya Chunya, kuja mjini. Aliyewahi kupita pale anajua kwamba hukimbii, unaanguka kwa mpangilio. Simu ikahesabu kilomita 10 kwa dakika 34. Hizo kilomita zenyewe nina mashaka nazo, maana kwenye zile kona simu ikipoteza satelaiti inajichorea mistari inavyotaka, mara umeruka bonde, mara umepita juu ya miti. Kocha akachukua simu, akatazama kioo, akanyamaza. Akatoa kalamu. Akazidisha kwa kumi.

Dakika 340. Kilomita 100 kwa saa tano na dakika arobaini.

"Kijana," akaniambia kwa sauti ya chini, "unajua ulichonacho miguuni?"

Nilichokuwa nacho miguuni ni malengelenge, ila sikusema. Jamani, sifa tamu. Wewe unayecheka hapo ungekataa? Usiku uleule habari ikaingia kwenye magrupu yote ya wakimbiaji, Mbeya, Njombe, Iringa mpaka Songea: Nyanda za Juu Kusini zimepata mtu wa 5:40.

Watu wa Iringa hawakubisha. Wangebisha ningepona. Wao waliandika kwa adabu kabisa: "Hongereni sana. Tunakuja kujifunza." Niliposoma hilo neno tumbo likanicheza.

Kocha ndiye aliyepanga njia: tunaanzia Kyela, tunapanda Tukuyu, tunapita Kiwira, tunamalizia juu huko Isyonje, pale kilomita ya 100 itakapoangukia kwa kipimo cha mita ya pikipiki yake. Nikamuuliza, Kocha, kwa nini tusianzie juu tukashuka Kyela? Akaniangalia kama mwanafunzi mzito. "Ili wasije wakasema ulisaidiwa na mteremko."

Na flana akanishonea. Nyeupe. Mgongoni maandishi makubwa mekundu: KM 100. Chini yake: 5:40. Chini yake tena namba yake ya simu, eti wafadhili wakiona wapige. Ikumbukeni hiyo namba.

Usiku wa kuamkia mbio tukalala gesti pale Kyela. Nimekula wali wa Kyela mpaka nikafungua mkanda, ndipo nikapata akili ya kuchungulia mtandaoni hiyo kilomita 100 watu wengine wanaikimbiaje. Nisingechungulia. Mlithuania Aleksandr Sorokin, rekodi ya dunia, mwaka 2023: saa 6 na dakika 5 na sekunde kadhaa. Agosti 2025 kule Italia, Sibusiso Kubheka wa Afrika Kusini akapenya chini ya saa 6, 5:59:20, tena kwa viatu ambavyo kanuni haziviruhusu, kwa hiyo haihesabiki kuwa rekodi. Nikasema labda kwenye Comrades nitapata faraja. Tete Dijana, 2023, mwaka ambao njia ilikuwa ya kushuka, kama kilomita 88: 5:13:58. Nikapiga hesabu kwenye simu, nikarudia. Mimi, fundi simu wa Mwanjelwa, nilikuwa na kasi kuliko hao wote kwa kila kilomita, na mimi napanda mlima.

Halafu nikamkumbuka Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu pale Tokyo, Septemba 2025. Kilomita 42 zote, anakuwa bingwa wa dunia kwa kumtangulia Mjerumani kifua tu, wote wawili wameandikiwa 2:09:48. Wenzetu wanauana kwa vipande vya sekunde. Kocha wangu anagawa dakika kama pipi za harusini.

Mezani alikuwepo dada mmoja wa Iringa, mpole, anakula taratibu. Nikamuuliza yeye amepanga muda gani. Akafikiria kidogo. "Mimi kaka nataka nifike kabla ya giza." Nilitamani tubadilishane flana.

Tukaanza saa 12 kamili alfajiri. Wenye akili mmeshaona shimo nililochimbiwa: ukianza saa 12 kamili, muda wa mbio na saa ya kawaida vinakwenda sambamba. Ikifika saa tano na dakika arobaini kwa saa ya kila mtu, hata ya muuza karanga, mimi natakiwa niwe Isyonje nimevaa medali.

Kwenye tambarare, katikati ya mpunga na kokoa, nilikuwa bingwa kweli. Pikipiki nyuma yangu, mshkaji anaendesha na kurekodi, Kocha kapakiwa na kipaza sauti: "Mpisheni! Mtu wa tano arobaini!" Wairinga nimewaacha mbali, wanakuja wanapiga stori. Jua la Kyela likatoka. Ule wali ukaanza kudai haki zake. Barabara ikaanza kuinuka kuitafuta Tukuyu, na kila kona nikisema hii ndiyo ya mwisho, inafunguka nyingine. Yule dada wa Iringa akanipita akitembea. Anatembea, wadau! Vilima anatembea, tambarare anakimbia, ndivyo watu wa masafa marefu wanavyofanya duniani kote. "Pole, kaka," akasema, na hata hahemi. Kocha akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mimi namvizia.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo video yenu inapoanzia, ila sauti haisikiki vizuri kwa sababu ya upepo.

Ni mlimani, Tukuyu yenyewe sijaiona. Pikipiki imetangulia, imesimama kwenye kona juu yangu. Mimi ninachofanya nakiita kukimbia kwa sababu mikono inacheza. Nyuma nasikia yeboyebo: kwepe, kwepe, kwepe. Hazina haraka. Zinakaribia. Pembeni ya jicho naona kwanza ncha za ndizi, halafu ngata, halafu uso wa mama, na sikioni amebana kitochi kwa bega anaongea na mtu habari za kikoba. Shingo haitikisiki.

Tukawa sawasawa. Mimi ndiye mdogo, lazima niamkie. Nikavuta pumzi.

"Shi..."

Ikakata. Nikavuta nyingine.

"Shika..."

Mama akamwambia wa kwenye simu, "Subiri kidogo, kuna mtu anataka kuniamkia." Akapunguza mwendo. Alipunguza mwendo ili anisubiri! Tukaenda hivyo hatua kadhaa, yeye ananiangalia kwa huruma, mimi natafuta "moo".

"Marahaba, mwanangu," akaamua kunimalizia. "Ugonile. Unaumwa?"

Nikatikisa kichwa. Akanitangulia hatua mbili, akageuka, akanizunguka nyuma na mkungu wake akasoma mgongo wangu taratibu, neno kwa neno, kama tangazo la stendi.

"Kilomita mia... saa tano na dakika arobaini... ahaa. Ni gari la Mbeya hili? Na namba ya ofisi mmeweka, vizuri sana." Kabla sijapata pumzi ya kumjibu, kitochi kimeshabonyezwa na kimewekwa sauti ya nje.

Pale juu kwenye kona simu ya Kocha ikalia. Nikamwona kwa macho yangu anaipokea, kifua mbele, huku kipaza sauti bado kiko mdomoni. Kwa hiyo nilimsikia mara mbili, kwenye kitochi na kwenye bonde zima.

"Haloo!"

"Baba, nauliza hii ya saa tano na arobaini, imefika wapi?"

"Iko njiani, mama! Inakuja kwa kasi ambayo hamjawahi kuiona!"

Mama akakata simu. Akaangalia bondeni, barabara tupu. Akaangalia kitochi chake: saa tano na dakika thelathini na nane. "Basi tukae tuisubiri, imebaki dakika mbili," akasema, akatua mkungu.

Nikakaa. Sikukaa kwa sababu nimekubali, miguu ndiyo iliyokubali. Ndizi za juu zilikuwa zimeanza kuiva, akanichumia, nikala, akanichumia tena. Tukasubiri gari ambalo ni mimi. Ikagonga tano na arobaini, mama akasonya. "Watu wa magari waongo sana." Nikaitikia, "Sana, mama." Nifanyeje?

Watoto wa shule wakawa wameshakusanyika. Mama akachuchumaa akaweka ngata sawa. "Nitwishe, mwanangu, nisichelewe gulioni."

Kumtwisha mama mzigo ni jambo dogo, hata mtoto wa darasa la sita analifanya. Nikainama, nikaukumbatia mkungu, nikaunyanyua mpaka usawa wa magoti. Hapo ndipo msuli wa paja ukakaza. Wa kulia. Nikahamishia uzito kushoto, na wenyewe ukakaza. Nikabaki nimesimama hivyo, nimekumbatia ndizi, siwezi kwenda juu wala chini, najiona kabisa ninavyoinama polepole upande wa mtaro kama... hapana, mmeona wenyewe. Nililala chali kwenye majani, mkungu kifuani. Video yenu imeganda hapo kwa sababu mshkaji alikuwa anacheka mpaka simu ikamdondoka.

Mama akanitoa mkungu kifuani, akaupandisha gotini, akaupandisha kichwani peke yake, akasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, kwa juhudi niliyoonyesha, akaondoka. Kwepe, kwepe, kwepe. Watoto wakamsindikiza wanaimba. Walivyopita kwenye kona ile, Kocha, ambaye hakuwa ameelewa kitu, akapaza sauti: "Mpisheni mama, nyuma yake anakuja bingwa!"

Yaliyobaki ni mafupi. Nikapanda Coaster, konda akanitoza nauli kamili na kuuliza kama sisi ni kampuni mpya. Yule dada akafika Isyonje jua bado lipo, kama alivyosema. Wairinga wakanishika mkono mmoja mmoja, wakasema wamejifunza mengi. Kocha akawaeleza kuhusu upepo wa mbele.

Nilidhani yameisha. Jana usiku nafungua grupu, nakuta picha ya yule mama kwa nyuma, akipanda mlima na mkungu wake, na maelezo ya Kocha: kipaji kipya kimegunduliwa Rungwe, kilomita 100 kwa saa nne na dakika hamsini, tena akiwa na mzigo. Ameshampigia mara tatu kumwomba aje mazoezini, namba si anayo, mama mwenyewe ndiye aliyempigia kwanza.

Mama amemjibu kwamba hawezi kuongea na kampuni yenu mpaka alipwe kwanza zile ndizi alizokula konda wao.