Kabla ya miche, mafunjo

Ukutani kwangu hapa Bwaise, Kampala, kuna mstari wa kahawia unaofika usawa wa goti. Nimeupaka rangi mara mbili, bado unajitokeza. Mlangoni nimejenga tuta la matofali. Mgeni hulivuka kwanza ndipo apige hodi.

Bibi jirani yangu anakumbuka akikata mafunjo ya kinamasi nyuma ya nyumba na kusuka majamvi ya kuuza. Siku hizi nyuma ya nyumba kuna nyumba, na nyuma yake nyingine, hadi kwenye mtaro wa Nsooba unaopeleka maji kwenye kinamasi cha Lubigi. Vilima vinatumwagia sisi, na mabati na lami havinywi hata tone. Zamani maji yakikuta mafunjo yalipunguza mbio, matope yakatua, yakaenda zake taratibu. Sasa yanashuka kwa kishindo, yanakuta chupa za plastiki zimeziba mtaro, yanageukia kwangu.

Ndiyo maana wakubwa wakija na miche na wapiga picha, nacheka kidogo. Miti siichukii (mwembe wa stendi ya boda umenipa kivuli miaka mingi). Lakini miche kumi kando ya barabara hailipi deni la kinamasi kizima.

Tena si mafuriko tu. Upande wa pili wa Kampala, maji machafu ya mji hupita kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia Ziwa Victoria kwenye ghuba ya Murchison. Mitambo ya Ggaba huvuta maji yetu ya kunywa kutoka ghuba hiyohiyo! Mafunjo yanachuja bure. Tunayafyeka, tunapanda magimbi, tunajenga maghala, halafu tunanunua dawa zaidi ya kusafisha maji.

Katiba ya Uganda ya 1995 inasema serikali inazishika ardhi oevu kwa niaba yetu sote. Sawa. Ila siku ya kubomoa, huku kwetu tingatinga huanzia kwenye vibanda, na ukuta mrefu wenye geti unabaki umesimama. Mimi nakubali kuhama, mafunjo yarudi, mradi nilipwe cha kuanzia kwingine na yule mwenye ukuta wa geti naye ahame. Hapo nitaamini kwamba tunatengeneza mji, hatufukuzi maskini.

Wingu limefunga tangu saa tisa. Godoro nimeshalipandisha juu ya meza.