Si Kila Dume Aliye Karibu Kachaguliwa

Boti ikitoka Kibirizi ikatia nanga Gombe, hifadhi ya sokwe karibu na Kigoma, wageni wengi humtafuta dume mkuu, na jike yeyote aliyekaa kando yake anaitwa mkewe. Hesabu hiyo siikubali. Kukaa karibu ni kitu kimoja, jike kumchagua dume ni kingine.

Kwanza tumbo. Chikichi zikiiva, sokwe watano hukutana juu ya mti mmoja bila urafiki wowote. Ni kama sokoni, kila mtu na kapu lake. Ukiandika kwamba jike fulani yuko na dume fulani pale juu, umeandika habari za chikichi tu. Subiri washuke. Nani katangulia, nani kafuata, nani kachepuka? Gombe watafiti huandika kila dakika 15 nani yuko kundini, ila kwa swali hili haitoshi. Mfuate jike mmoja siku nzima, na kila dume akiwa ndani ya mita 5 andika nani kasogea na nani kaondoka. Jike huyu sehemu kubwa ya maisha yake hutembea na wanawe tu, kwa hiyo akimwendea dume mwenyewe, ana sababu.

Kinachoharibu madaftari mengi ni siku za uvimbe. Makalio ya jike yakivimba, dalili kwamba yuko tayari kupandwa, kwa siku kama 10 hivi madume humzonga. Dume anatikisa tawi, anageuka kumwangalia. Jike asipofuata, anapigwa. Wawili hao wanaweza kujitenga siku kadhaa, hata wiki, na kwenye karatasi wakaonekana wapenzi! Uchunguzi wa Gombe uliotolewa 2014 ulionyesha kwamba dume wa ngazi ya juu anayemwonea jike fulani kwa muda mrefu ana nafasi kubwa zaidi ya kumzalisha. Basi hata ubaba, unaopimwa kwa vinasaba (DNA) vya mavi yaliyookotwa msituni, hauthibitishi kwamba jike alimtaka.

Mimi ningeanza na jike anayenyonyesha. Hana uvimbe kwa miaka kadhaa, na madume hawana cha kumgombania. Uchunguzi mwingine wa hapo hapo, wa 2016, uliona baba huwa karibu na mama wa mwanawe kuliko ilivyotarajiwa, hasa mtoto akiwa mdogo sana. Nani humfuata mwenzake? Kichanga akianza kutambaa kuelekea dume, tazama mkono wa mama. Akimvuta mtoto mguu papo hapo, basi mama hamwamini dume huyo, hata kama wameshinda pamoja tangu asubuhi.