Mitishamba kwa Nguruwe: Kinga na Uzito Vinagombania Chakula Kilekile

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, na China ikafuata mwaka 2020. Tangu hapo biashara ya mitishamba katika chakula cha nguruwe imepamba moto: oregano, mdalasini, karafuu, kitunguu saumu, manjano. Sababu ni nzito. Kumlisha mnyama asiyeumwa antibiotiki kidogo kidogo kila siku ni kuwazoesha bakteria dawa zinazotegemewa na binadamu pia. Naunga mkono juhudi yoyote ya kuachana na mtindo huo. Shaka yangu iko kwenye ahadi mbili zinazouzwa pamoja: kwamba nguruwe atanenepa upesi na papo hapo kinga yake itaimarika.

Tuanze na upande wenye nguvu. Kavakroli iliyomo kwenye oregano na sinamaldehaidi ya mdalasini huua bakteria wengi maabara, E. koli wakiwemo. Na E. koli ndiye adui wa mtoto wa nguruwe anayeachishwa kunyonya akiwa na wiki 3 au 4: maziwa yamekatika, mama hayupo, utumbo umedhoofika, kuhara kunaanza. Denmark ilipoondoa antibiotiki za kukuzia mwishoni mwa miaka ya 1990, nguruwe wakubwa hawakuyumba sana. Waliosumbuka ni hawa wadogo. Kama mitishamba ina kazi bandani, basi kazi yake ni hapo.

Ila maabara si tumbo. Mafuta ya mimea hii hufyonzwa mapema, tumboni na mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kabla ya kufika kule chini waliko bakteria wengi. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huyafunika kwa tabaka la mafuta magumu. Joto la kutengenezea chakula cha punje, yaani kilichosagwa na kushindiliwa (pellet), nalo huyapeperusha mafuta hayo. Isitoshe, nguvu ya mmea hubadilika kwa udongo, msimu wa kuvuna na namna ulivyokaushwa, na nguruwe, mwenye pua kali kama alivyo, anaweza kususia chakula chenye harufu iliyozidi.

Sasa kinga. Mwili unaopigana na ugonjwa hula akiba yake: protini iliyopaswa kujenga nyama huelekezwa vitani, homa hupanda, hamu ya kula hushuka. Kwa hiyo kuichochea kinga ya nguruwe mzima wa afya kunaweza kumpunguzia uzito badala ya kumwongezea. Hoja iliyo imara zaidi ni ya mimea inayotuliza uvimbe wa utumbo, mfano manjano, ingawa kukumini, kiambato chake kikuu, hufyonzwa kwa shida mno. Na msingi wa kinga ya mtoto wa nguruwe ni dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, kwa kuwa kondo la nyuma la nguruwe halipitishi kingamwili. Asiponyonya vya kutosha ndani ya saa 24 za mwanzo, hakuna unga wa majani utakaoziba pengo hilo. Anayeuza mitishamba kama kinga ya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa wa virusi unaoua nguruwe, anahatarisha banda zima.

Wapo wanaosema mitishamba huonyesha faida kwenye mabanda machafu tu, na kwenye masafi tofauti ni ndogo, kwa hiyo haina maana. Siafikiani nao moja kwa moja. Wafugaji wengi hawana uwezo wa kujenga upya mabanda, na kupunguza kuhara hata kwa kiasi ni vifo vilivyoepukwa. Lakini fedha ya kwanza iende kwenye maji safi, joto la watoto na nafasi ya kulala.

Atakayejaribu awagawe watoto wa uzazi uleule makundi mawili, chakula kimoja, nyongeza kwa kundi moja tu. Awapime siku ya kuachishwa na wiki 4 baadaye, aandike chakula kilicholiwa na walioharisha, kisha alinganishe faida na bei ya nyongeza. Muuzaji naye aulizwe kiwango cha kiambato kwa kila kilo. Akikosa jibu, asinunuliwe.