Kilo 28 za almasi: marufuku ya Afrika ya Kati ilimbana nani?

Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50, umwage mpaka ubaki na zaidi kidogo ya nusu. Kilo 28. Huo ndio uzito wa almasi ambazo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa zilitoroshwa kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati tangu marufuku ya kuuza almasi nje ilipoanza Mei 2013 hadi walipotoa ripoti yao mwishoni mwa 2014. Wenyewe waliandika karati 140,000, zenye thamani ya dola milioni 24. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kwa hiyo hesabu hiyo mtu anaipiga kwa kalamu tu. Mzigo wote unafungwa nyuma ya bodaboda, na abiria mmoja bado anapata pa kukaa.

Naing'ang'ania hesabu hii kwa sababu mabishano kuhusu "almasi za damu", zile zinazolipia vita, huendeshwa kana kwamba tunazungumzia magogo ya mbao, kitu ambacho askari mmoja na kizuizi kimoja barabarani vinatosha kukizuia. Almasi hufichwa kwenye pindo la suruali. Humezwa. Sisi Watanzania tulijenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka Mererani kuzuia tanzanite isitoroshwe, na hiyo ni milima ya mahali pamoja. Almasi za Afrika ya Kati zimetawanyika kwenye mchanga wa mito, magharibi na mashariki mwa nchi kubwa yenye msitu na mipaka isiyo na mlinzi. Ukuta utaujengea wapi?

Kisa chenyewe ni hiki. Machi 24, 2013, waasi wa Seleka waliingia Bangui na Rais François Bozizé akakimbia. Miezi miwili baadaye Mpango wa Kimberley, ambao tangu 2003 ndio unaosimamia vyeti vya almasi ghafi duniani, uliisimamisha nchi hiyo kuuza nje. Mpango huo hutafsiri almasi ya mgogoro kuwa ni ile inayowapa fedha waasi wanaotaka kuiangusha serikali halali. Sasa Mei 2013 waasi ndio waliokuwa wamekalia ikulu. Kwa hilo tu, nawapa heko waliochukua uamuzi: wangeweza kujificha nyuma ya tafsiri yao, hawakufanya hivyo.

Na walioitetea marufuku hawakuwa wanabahatisha. Mashariki, maeneo ya Bria na Sam-Ouandja, makamanda wa Seleka walikuwa wakiwatoza wachimbaji na wanunuzi fedha za "ulinzi". Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliiwekea vikwazo kampuni ya Badica ya Bangui pamoja na tawi lake la Antwerp, Ubelgiji, Kardiam, kwa kununua mawe yaliyowanufaisha wenye silaha. Mvishaji pete wa Ulaya hana namna ya kujua jiwe lake lilitozwa na nani. Watetezi hao pia wana Sierra Leone mkononi: mwaka 1999, waasi wa RUF wakiwa wameshika Kono, eneo la machimbo ya almasi, mauzo rasmi ya almasi ya nchi nzima yalikuwa dola milioni 1.2 hivi, kufikia 2004 yalikuwa yamefika kama milioni 126. Ukiwa na takwimu kama hiyo mezani, anayepinga marufuku anaonekana mtetezi wa wababe wa vita.

Hapo ndipo ninapoona watu wameonewa. Waliosema marufuku hii inaumiza mtu asiyehusika walikuwa wakizungumzia shimo, na shimo ndilo ambalo mikutano mingi ya Kimberley hailioni.

Mchimbaji wa kule huitwa nagbata. Kazi yake inaanza na koleo. Anaondoa udongo wa juu, pengine kimo cha mtu au zaidi, mpaka akute changarawe. Changarawe inabebwa hadi majini, inamiminwa kwenye chekeche la waya, inazungushwa, chekeche linapinduliwa kwa mkupuo mmoja, na macho yanatafuta punje inayong'aa tofauti na wenzake. Siku nyingi haipo. Siku hizo nagbata anakula cha mwenye shimo, aliyenunua koleo, mihogo, mafuta ya pampu na dawa ya malaria. Mwenye shimo naye amekopeshwa na mkusanyaji wa mjini, na mkusanyaji anamtegemea mnunuzi wa Bangui mwenye leseni ya kusafirisha nje. Msomaji wa Mererani hahitaji maelezo zaidi. Wanaapolo, wachimbaji wa tanzanite, wanayajua maisha ya kula leo kwa jiwe la kesho.

Sasa ziba mdomo wa juu wa mrija huo. Ofisi za Bangui ziliruhusiwa kununua na kuweka stoo, lakini si kusafirisha. Mfanyabiashara anayenunua mali asiyojua ataiuza lini hatoi bei nzuri, na hasara anaisukuma chini mpaka imfikie asiye na wa kumsukumia. Mwanzoni mwa 2014 likaja pigo jingine. Wengi wa wakusanyaji wa magharibi walikuwa Waislamu, na wanamgambo wa Anti-balaka, mahasimu wa Seleka, waliwafukuza kwa mapanga. Mjini Carnot, mamia ya Waislamu walijihifadhi kwenye uwanja wa kanisa Katoliki. Wengine walivukia Cameroon, wakaondoka na mikopo, maduka na mtaji uliokuwa ukiendesha mashimo. Mwanya ulipobaki, Anti-balaka wenyewe wakaingia shimoni.

Na almasi? Zilifuata wafanyabiashara wake. Cameroon ilikuwa imejiunga na Kimberley mwaka 2012, mgodini kwake hutoa mawe machache mno, lakini cheti chake ni cheti. Jiwe likivuka mpaka usiku, kukicha lina uraia.

Zamani palikuwa na onyo. Oktoba 2008 serikali ya Bozizé iliendesha msako dhidi ya wakusanyaji, ikanyang'anya mawe na fedha zao kwa madai ya kusafisha sekta. International Crisis Group, shirika linalochunguza migogoro, imeeleza jinsi baadhi ya waliofilisiwa siku hizo walivyokuja kuwafadhili waasi. Yaani hatua iliyolenga kuibana almasi ndiyo iliyosaidia kuwapatia waasi wafadhili. Ukilijua hilo, huwezi tena kudhani kwamba kumbana mfanyabiashara siku zote ni kumbana mwenye bunduki.

Mazingira nayo hayakupumzika. Mito ya Mambéré na Kadéï hukutana Nola na kuwa mto Sangha, na kingo zake kwa miaka mingi zimetobolewa mashimo ambayo hakuna anayeyafukia. Mvua ikinyesha yanajaa maji, mbu wanazaliana, na shamba lililokuwa hapo halirudi. Mtu angetarajia marufuku iipe ardhi likizo. Lakini mwenye koleo hakwenda nyumbani. Wengi walihamia dhahabu. Dhahabu haina cheti cha Kimberley, na mjini Bozoum mwaka 2019 wananchi waliandamana kwa jinsi makampuni ya dhahabu yalivyoharibu mto Ouham.

Niirudie Sierra Leone, maana takwimu ile inastahili kujibiwa. Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku almasi zake Julai 2000, lakini azimio hilohilo liliacha mlango kwa mawe yenye cheti cha serikali, na kufikia Oktoba utaratibu wa cheti ulikuwa umekubaliwa. Miezi mitatu. Halafu vita vikaisha Januari 2002, kabla Kimberley haijaanza kazi. Ule ukuaji hadi milioni 126 ni matunda ya amani na mlango uliofunguliwa mapema, angalau sawa na yalivyo ya marufuku. Afrika ya Kati, iliyochimba karati 365,000 hivi mwaka 2012, ilisubiri hadi 2016 ndipo eneo la kwanza, Berbérati, likaruhusiwa. Miaka mitatu ni muda mrefu kwa anayeishi kwa mkopo wa mihogo.

Sisemi wangeacha mlango wazi kwa Bria. Hapana. Kilichowezekana ni kutenganisha mapema magharibi na mashariki. Berbérati, ambako askari wetu wa Tanzania wamekuwa na kambi chini ya MINUSCA, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, haikuwa Sam-Ouandja, na aliyekuwa na ramani alilijua hilo. Badala yake nchi nzima ilifungwa, na wakati mnunuzi mwenye leseni akisubiri vikao, wengine hawakusubiri. Juni 2023 Marekani iliiwekea vikwazo kampuni ya Diamville, mnunuzi wa dhahabu na almasi, ikisema ni sehemu ya mtandao wa Wagner, mamluki wa Urusi. Marufuku iliyokusudiwa kuwatenga wenye silaha ilikuwa bado ipo walipokuja wenye silaha wapya, safari hii wakiwa wageni wa serikali. Tafsiri ya Kimberley haina neno kwa hao: si waasi.

Novemba 2024, mkutano mkuu wa Kimberley mjini Dubai uliondoa marufuku kwa nchi nzima, baada ya miaka kumi na mmoja na nusu. Nagbata anaweza sasa kuchimba jiwe lenye njia halali mpaka Antwerp. Ila katika miaka hiyo maabara za China na India zimejifunza kutengeneza almasi kwa wiki chache, bei ya mawe ya ardhini imeporomoka, na mkusanyaji aliyekimbilia Cameroon mwaka 2014 ana sababu chache za kurudi na mkopo wa koleo.